Njia za msituni Kondoa ziwekewe alama kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo tulilolikuta mimi na familia yangu mwezi Septemba katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, ambalo tangu siku ile limeniondolea utulivu. Linatuhusu wakazi wa jiji la Dodoma wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambao siku za mapumziko tumeanza mazoea ya kwenda kuyaendesha kwenye njia za ndani ya misitu. Siandiki kuyapinga matembezi hayo, maana nayapenda na nia yangu ni kuendelea nayo. Naandika kuomba njia hizo zitambuliwe rasmi, ziwekewe alama na kusimamiwa, na sisi tunaozipita tukubali kutotoka nje yake.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, jiji hili limepokea familia kutoka kila upande wa nchi, na nyingi zinaishi katika mitaa mipya ambako mti wenye kivuli ni ule alioupanda mwenye nyumba mwaka juzi. Watoto wetu wanaijua misitu ya nchi yao kwa vitabu vya shule. Nyumbani tuna Land Cruiser ya zamani, niliyoinunua mnadani na kuitengeneza polepole kwa miaka mitatu, na wenzetu wengi hapa mjini wana magari ya namna hiyo, ambayo siku tano za wiki kazi yake ni kupeleka watu ofisini juu ya lami. Si ajabu basi kwamba Jumamosi mtu hutamani kuwachukua wanawe na kwenda nao mahali ambako gari kama hilo linahitajika kweli.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tukiwa watu sita: mimi na mke wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye ni Mrangi na alizaliwa katika vilima hivyo kabla ya kuolewa Dodoma. Chai ilikuwa kwenye chupa, maandazi na kuku wa kukaanga kwenye hotipoti, maji lita 40 kwenye madumu, na nyuma ya viti kulikuwa na matairi mawili ya spea, jeki, beleshi, kamba ya kuvutia gari na pampu ya upepo. Barabara ya kwenda Babati siku hizi ni lami tupu. Tulipita Veyula na Mayamaya kukipambazuka, na kabla ya saa tatu tulikuwa tumekwisha kupita Kondoa mjini na kufika Kolo, kilometa zipatazo 180 kutoka Dodoma.

Pale Kolo tulifanya jambo ambalo nalieleza kwa makusudi, kwa sababu ndilo msingi wa ombi langu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ili kuifikia ile ya Mungumi wa Kolo ni lazima uiache lami, upande njia mbovu yenye mawe ambayo gari dogo haliiwezi, kisha umalizie kwa miguu. Lakini huendi kiholela. Unaanzia kwenye ofisi ya mambo ya kale, unajiandikisha, unalipa ada, na unapewa mwongozaji anayepanda gari lako na kukuelekeza pa kupita na pa kuegesha. Watoto wangu walipanda kilima kile gari likiyumba kama jahazi, wakashika viti kwa mikono miwili, wakacheka, mdogo akaogopa akataka kukaa na bibi yake, na hatimaye wakasimama mbele ya mwamba wakitazama watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu na mikono ya watu wa kale. Tuliposhuka, kilima kilikuwa vilevile tulivyokikuta. Njia ni moja, kila anayepita anaijua, na hakuna aliyeona haja ya kuchonga nyingine.

Kutoka hapo tukaelekea upande wa Bereko, na baada ya mwendo kidogo tukaiacha lami tena ili kuingia msitu wa kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Tulipita kwanza kijijini kuomba ruhusa. Tulipokewa vizuri, tukaambiwa twende salama, basi. Hapakuwa na kitabu cha kusaini, wala ramani, wala mtu wa kutuongoza, wala kibao kinachoonyesha njia inaanzia wapi na kuishia wapi. Wakati ule niliona ni ukarimu, na kweli ulikuwa ukarimu, lakini sasa naona kwamba tuliachiwa kitu cha thamani bila kuambiwa thamani yake.

Nikiri kwamba saa mbili zilizofuata zilikuwa miongoni mwa saa bora nilizowahi kukaa na watoto wangu. Msitu wa miombo mwezi Septemba huchipua kabla hata tone la mvua halijadondoka, na majani yake machanga hutoka na rangi nyekundu ya shaba, kiasi kwamba binti yangu wa pili aliuliza kwa nini miti imekauka. Bibi yake akamjibu, "Haijakauka, mjukuu wangu. Hiyo mitundu huvaa nyekundu kwanza, mvua ikikaribia ndipo inabadili nguo." Alituonyesha mninga na tunda lake la duara lenye bawa pana pembeni na miiba katikati, na akawasimulia watoto jinsi mti huo ukikatwa unavyotoa utomvu mwekundu kama damu. Njia yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kupitishia mikokoteni na watu wanaokwenda kwenye mizinga yao ya nyuki. Tuliweka gia nzito, tukaenda mwendo ambao mtu mwenye afya angeweza kutupita akitembea, madirisha wazi na redio imezimwa, kwa sababu mama mkwe alitukumbusha kwamba nyuki hawapendi kelele na mizinga ilikuwa ikining'inia juu ya vichwa vyetu. Penye mawe makubwa, binti yangu mkubwa mwenye miaka kumi na mitatu alishuka, akatangulia mbele na kuniongoza kwa mikono, kushoto kidogo, kulia kidogo, simama. Nyumbani ni mtoto wa maneno machache. Siku ile alikuwa akitoa amri, na baba yake akizitii.

Kila baada ya muda tulisimama kutazama chini ya gari. Hili naliomba kwa kila anayeingia msituni wakati wa kiangazi: majani makavu hunasa karibu na ekzosi, na ekzosi yenye moto yatosha kuyawasha. Mbegu za nyasi nazo huziba rejeta hadi injini ichemke. Mtu asiyebeba maji ya ziada asiingie.

Kosa letu lilitokea tulipofika kwenye mto wa mchanga. Wanaoijua Kondoa wanaijua mito hiyo, mipana na mikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ambayo maji yake yamejificha chini ya mchanga na wanawake wanayafuata kwa kuchimba visima vifupi kwa mikono na vibuyu. Njia ya zamani ilivuka mahali penye mwamba. Lakini kabla ya kuufikia mto, alama mbichi za matairi ya magari kadhaa zilichepuka kulia, zikapanda ubavu wa kilima kati ya nyasi, kisha zikateremka mtoni kwa juu zaidi, mahali penye ukingo mkali. Nilidhani ni njia mpya iliyowekwa kwa sababu ile ya zamani imeharibika, nikaifuata. Baadaye niliambiwa kwamba waliopita walikuwa wakitafuta mteremko mkali wa kujaribia magari yao. Ukingo tuliushuka, ila katikati ya mchanga matairi yakazunguka bila gari kusogea, na kila nilipokanyaga mafuta tulizidi kuzama, mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikalalia mchanga.

Tulizima injini. Nikashusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 18, ambao ndio utaratibu wa kwenye mchanga, kwa kuwa tairi lililolegea hukanyaga eneo pana zaidi na halichimbi, na tukaanza kufukua kwa beleshi. Bado tulikuwa hapo alipofika mzee mmoja na vijana wawili waliousikia mlio wa injini wakiwa shambani. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akawaitikia na kuwapa pole. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshika panga akitaka kukata matawi ya kutandika chini ya matairi. Mzee akamzuia kwa upole: "Usikate, mjukuu wangu. Mawe yapo." Vijana wakaleta mawe bapa kutoka kwenye ule mwamba wa kivukoni ambao sisi tuliupuuza, tukayapanga, nikaweka gia ya chini kabisa bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, na gari likatoka. Tangu kukwama hadi kutoka ilikuwa saa moja na nusu.

Nilitaka kumpa mzee chochote cha shukrani, akakataa. Badala yake aliniomba nipande naye kilimani kidogo. Pale juu, kwenye ubavu tulioupita, alinionyesha kitu ambacho nilikuwa nimepita juu yake bila kukiona: tuta refu lililofuata usawa wa kilima, kimo chake kama goti, limefunikwa na nyasi kiasi kwamba mgeni angelidhani ni mkunjo wa ardhi tu. Lilikuwa limekatwa na matairi sehemu tatu, na sehemu moja kati ya hizo ilikuwa na alama za matairi yangu juu ya alama za wengine. "Hili tuta tulilichimba kwa majembe nikiwa kijana, wakati wa HADO," alisema. "Mwanangu, maji hayahitaji mlango mkubwa. Yakipata upenyo wa tairi yanapita, na yakishapita msimu mmoja, msimu wa pili huyazuii tena."

Kwa wasomaji ambao hawakuyakuta mambo hayo, HADO ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973, mwaka uleule ambao nchi iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Vilima vya Irangi wakati huo vilikuwa vimechimbika makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia haonekani, na mchanga wake ulikuwa ukifunika mashamba ya mabondeni. Eneo lililotengwa ili lipone lilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Yalichimbwa matuta ya kukinga maji, ikapandwa miti na nyasi, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa. Nasema yote, nami nawaomba wasomaji walitafakari neno hilo, kwa sababu Mrangi kuambiwa awapeleke ng'ombe wake mbali na nyumbani si jambo dogo, na mama mkwe wangu bado anakumbuka nyumba zilizobaki bila maziwa. Miaka mingi ikapita ndipo watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa, tena zizini. Nyasi zilirudi. Miti ikarudi. Msitu ule mzuri ambao watoto wangu waliufurahia asubuhi haukuwapo hapo kwa bahati, ila kuna watu waliulipia kwa mifugo yao.

Ndiyo maana siwezi kulichukua jambo hili kama uharibifu mdogo wa nyasi. Udongo wa vilima vile ni wa kichanga, unaoshikiliwa na mizizi ya majani na hakuna kingine. Gari likipita nje ya njia huacha mistari miwili iliyoshindiliwa, na kama limepanda au kushuka moja kwa moja kwenye mteremko, mistari hiyo inakuwa mifereji tayari. Mvua za huku huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na zile za mwanzo hunyesha kwa kishindo juu ya ardhi ambayo bado haijaota kitu. Maji yatashuka kwa mifereji ile tuliyoyachimbia. Kisha atakuja dereva mwingine, atakuta mfereji umekuwa korongo, atapita pembeni yake, na mwaka unaofuata mwingine atapita pembeni ya huyo. Tayari upande mmoja wa msitu ule nilihesabu njia nne mahali ambapo zamani palikuwa na moja.

Tena kuna habari ya visima vya mchangani. Mahali tulipokwama palikuwa upande wa juu wa mto kutoka kwenye visima hivyo, si mbali. Gari langu linavuja oili kidogo, kama magari mengi ya umri wake, na kwa saa moja na nusu lilikuwa limekaa juu ya mchanga ambao watu wanachujia maji yao ya kunywa. Hili lilimwumiza mke wangu kuliko yote. Aliwaomba wale vijana wachimbue mchanga wenye oili, tukauweka kwenye mfuko na kuondoka nao, lakini najua si kila anayepita atafanya hivyo, na nimesikia kwamba wapo wanaofikia hata kuosha magari huko.

Najua wapo watakaosoma barua hii na kusema dawa ni kupiga marufuku. Naielewa hoja yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari inataka kibali kwa anayeingia msitu wa hifadhi kwa matembezi, na misitu ya vijiji ina kamati zake zenye mamlaka ya kumzuia mtu. Ila marufuku bila mtu wa kuisimamia, katika vilima ambako njia zinaingia kutoka kila upande, itawazuia wale wanaopita kwanza kijijini kuomba ruhusa na kuwaacha wale wasioomba. Sisi tulioomba ruhusa tulifanya uharibifu kwa kutojua. Kibao kimoja pale njia zilipoachana, au mwongozaji mmoja ndani ya gari, kingetosha kutuzuia.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa halmashauri na kwa kamati za maliasili za vijiji ni kwamba mfano uliopo Kolo upelekwe msituni. Zichaguliwe njia chache, zile za zamani zilizokwisha kutulia na zinazovuka mito penye mwamba, na ziwekewe alama kwa rangi kwenye mawe, si kwa misumari kwenye miti. Vijana wa kijiji wafundishwe kuwa waongozaji. Wapo, na wanaijua ardhi yao, wala hawatashindwa kutuambia tunapokosea. Magari yasiingie kwa msafara mrefu, kwani gari la kumi hukuta njia iliyokwisha kuchimbwa na yale tisa. Kuanzia mvua ya kwanza hadi mwezi Mei, wakati udongo umelowa, lango lifungwe kwa kila mtu bila kujali cheo chake wala ukubwa wa gari lake. Ada itozwe na stakabadhi itolewe, na fedha hizo zibaki kijijini kutengeneza matuta. Siku ile mafuta peke yake yalinigharimu karibu shilingi laki mbili. Mtu anayemudu hayo hawezi kulalamikia elfu ishirini za kijiji. Kama vijiji vikiona vyema kuniambia kwamba hata kwa ada hawatutaki, basi hilo nalo ni haki yao, na litangazwe wazi.

Kwa madereva wenzangu nasema hivi bila kuzunguka. Raha ya siku ile hatukuipata pale tulipoacha njia. Tuliipata kwenye njia yenyewe, kwa mwendo wa polepole, mtoto akituongoza kwa mikono na bibi akitaja majina ya miti. Mwenye hamu ya kupima nguvu ya gari lake kwenye mteremko atafute machimbo ya kokoto yaliyoachwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na asiipime kwenye tuta lililochimbwa na mzee wa watu.

Tumemwahidi yule mzee kwamba tutarudi Jumamosi ya pili ya Novemba, kabla mvua haijaanza, kuziba mapengo yale. Amesema atatuonyesha jinsi ya kushindilia udongo kwa tabaka na kupanda nyasi juu yake ili zishike mara mvua itakapofika. Watoto wote watatu wamekwisha kusema watakwenda, na mama mkwe pia. Iwapo wale waliopita hapo kabla yetu wanaisoma barua hii, mahali wanapajua vizuri kuliko ninavyoweza kupaeleza hapa, nami nawaomba waje na majembe yao. Mapengo ni matatu, na sisi tutakuwa na mabeleshi mawili tu.

Mzazi na dereva,
Nkuhungu, Dodoma.